Mwenda Jean-Bosco na Kiswahili cha Katanga
Mnamo mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean-Bosco akipiga gitaa mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka ya Katanga: wapiga gitaa wa Kenya waliiga mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, na mwaka 1969 alitumbuiza Newport, Marekani.

Lakini urithi wake haukomei katika muziki. Nyimbo nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha miji ya migodi, lugha iliyodharauliwa mara kwa mara kuwa ya kazini tu. Santuri zake zahifadhi msamiati na matamshi ya wakati ule. Mwenda alifariki mwaka 1990. Nyimbo zake zastahili kuchambuliwa darasani kama fasihi, si kusikilizwa tu.