Mashabiki Walionunua Seva Zao

Mei 2007 ilikuwa mbaya kwa mashabiki wanaoandika hadithi mpya kwa kutumia wahusika wa Star Trek, Harry Potter na wengineo. Kampuni ya Marekani iitwayo FanLib, yenye mtaji wa wawekezaji unaotajwa kuwa dola milioni 3, iliwaalika wapeleke kwake kazi walizokuwa wakizigawa bure, ili yenyewe ivune fedha za matangazo. Masharti yake yalimwachia mwandishi mzigo wote endapo mwenye hakimiliki angeshtaki. Mwezi ukielekea ukingoni, LiveJournal, mtandao ambako wengi wao walikuwa wameweka maskani, ukafunga kurasa zipatazo 500 kwa kishindo baada ya malalamiko ya kikundi cha wanaharakati. Miongoni mwa zilizofungwa ulikuwamo ukumbi wa wasomaji wa Kihispania waliokuwa wakijadili riwaya ya Nabokov. Wakuu wa kampuni waliomba radhi na kurudisha nyingi, ila imani ilikuwa imeshavunjika.

Uchungu ule ulikuwa na mizizi. Tangu Spockanalia, kijarida cha mashabiki wa Star Trek kilichotoka mwaka 1967, desturi ilikuwa kuuza nakala kwa bei ya kurudisha gharama za karatasi, uchapaji na stempu. Heshima ilihusika, na tahadhari pia: sheria ya hakimiliki ya Marekani, inapopima kama matumizi ya kazi ya mwingine ni halali, huangalia pamoja na mengine iwapo mtumiaji anafanya biashara.

LiveJournal nao ulianza kwa moyo kama huo. Brad Fitzpatrick aliuanzisha mwaka 1999 akiwa kijana wa chuo, ukaendeshwa kwa ada za wanachama waliopenda kulipia na kwa jasho la watu waliojitolea, bila matangazo. Mwaka 2005 ukauzwa kwa kampuni ya Six Apart. Mwaka uliofuata matangazo yakaingia. Desemba 2007 ukauzwa tena, safari hii kwa kampuni ya Urusi. Watumiaji walikuwa wamehamishwa pamoja na mali, bila kuulizwa.

Mei ileile ya 2007 mwandishi wa riwaya Naomi Novik alitoa wazo: mashabiki wajenge hifadhi yao, seva ziwe zao, pasiwepo mtu wa kuiuza. Likazaliwa shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, na Novemba 2009 hifadhi ikafunguliwa kwa jina la Archive of Our Own, au AO3. Programu yake iliandikwa na watu wa kujitolea, wengi wao wanawake, baadhi wakijifunza kazi hiyo papo hapo.

Wengine walichukua njia tofauti. Dreamwidth, uliofunguliwa mwaka huohuo wa 2009 na watu waliowahi kufanya kazi LiveJournal, ulikataa matangazo lakini ukabaki biashara: anayetaka huduma za ziada hulipa ada, na ada hizo ndizo hugharamia mtandao.

AO3 ilikaza zaidi. Huendeshwa kwa michango inayochangishwa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Anayetoa angalau dola 10 anaweza kuwa mwanachama na kupiga kura ya kuchagua bodi, hivyo mchango mdogo humpa sauti ambayo LiveJournal haukumpa yeyote. Upande wa pili kuna katazo: hakuna kuuza, wala kutangaza kazi za kulipwa, wala kuweka kiungo cha tovuti za kuchangishia fedha kama Patreon au Ko-fi chini ya hadithi. Anayekiuka huandikiwa na kamati ya watu wa kujitolea, naye hutakiwa kuondoa maneno hayo.

Katazo hili linauma. Mwandishi mwenye kodi ya nyumba inayomsubiri hana ruhusa hata ya kuomba asante ya dola moja mbele ya wasomaji wanaompenda, na baadhi humweleza msomaji awafuate kwenye mitandao mingine ili huko wazungumze habari za fedha. Hata hivyo ndilo linalowapa mawakili wa shirika hoja ya kwanza ya utetezi. Hifadhi ikishajaa maduka madogo madogo, ni vigumu kumwambia mwenye hakimiliki kwamba kinachofanyika humo si biashara. Kwa kinga hiyo AO3 imefika kazi zaidi ya milioni 10, bila tangazo hata moja, na mwaka 2019 ilishinda tuzo ya Hugo katika hafla ya Dublin. FanLib ilifunga milango mwaka 2008.