Katika Maktaba ya Madaktari, Mulago

Leo twende Kampala, kilima cha Mulago, tukaingie katika maktaba ya chuo cha madaktari cha Makerere. Mafunzo ya udaktari yalianza huko mwaka 1924. Maktaba hiyo imepewa jina la Sir Albert Cook, daktari Mwingereza wa misheni aliyefika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo.

Ukipita mlangoni utamkuta mkutubi. Mweleze unalotafuta, wala usione haya, maana kazi yake ndiyo hiyo. Zamani mkutubi alifungua visanduku vya kadi. Siku hizi hutazama katika kompyuta. Kila kitabu kina alama mgongoni. Katika maktaba nyingi za namna hii duniani herufi W ni ya udaktari, na WS ni ya maradhi ya watoto. Ukiijua alama, waifuata rafuni.

Lakini mali kubwa ya maktaba hii haikupigwa chapa. Ni maandishi ya wagonjwa wa Mengo. Cook aliandika kwa mkono habari za mgonjwa baada ya mgonjwa: maradhi yake, dawa aliyopewa, na jinsi alivyoendelea. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikateketea. Ikajengwa nyingine, na kazi ya kuandika ikaendelea. Kwa desturi ya maktaba, karatasi za zamani namna hii haziazimwi kwenda nazo nyumbani. Waletewa mezani, wasoma papo hapo, na kunakili kwa penseli, kwa kuwa tone moja la wino laweza kufuta habari za mtu.

Sasa sikilizeni faida yake. Madaktari wengi wa Ulaya walidhani kwamba Mwafrika hapatwi na kansa ila kwa nadra, na kwamba maradhi hayo yalikuja na maisha ya kisasa. Nani angeweza kuwajibu? Profesa Davies na wenzake wa Makerere, wakiwamo Owor na Mtimavalye, waliyachambua maandishi ya Mengo ya tangu 1897 hadi 1956. Jibu lilichapishwa mwaka 1964: kansa ilikuwapo toka mwanzo.

Hata watoto walihusika. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alitangaza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto upesi sana. Watu wakauliza kama ni ugonjwa mpya. La, Cook alikwisha kuuona uvimbe wa namna hiyo miaka mingi kabla yake, akauandika. Siku hizi mtoto akiwahishwa hospitali, dawa zipo, na wengi hupona.

Kabla ya somo lijalo, andikeni maneno haya: mkutubi, rafu, kuazima, kunakili.