Cheti cha Mganga na Mtu wa Machimbo

Kijana akitaka kuandikwa katika machimbo, au kuendesha mashine kubwa, au kupanda juu ya nguzo za umeme, huambiwa kwanza: Nenda kwa mganga wa kompani. Huko hupimwa uzito, macho na masikio. Mganga husikiliza kifua chake, hutazama picha ya mapafu, kisha hutia sahihi: Afaa, au Hafai. Desturi hiyo tumeizoea sana, hata hatuulizi ilitoka wapi. Lakini ina historia ndefu, na si historia safi yote. Maana toka mwanzo palikuwa na swali moja lililojificha ndani yake: mganga huyu ampima mtu kwa faida ya nani?

Wa kwanza kuandika kitabu kizima juu ya magonjwa yatokayo katika kazi alikuwa Bernardino Ramazzini, mganga wa Modena katika Italia. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1700. Yeye mwenyewe asimulia kwamba alianza kufikiri mambo hayo alipomwona mtu akisafisha shimo la choo nyumbani kwake, akifanya haraka mno kwa sababu moshi wa uchafu ule ulikuwa ukimwunguza macho. Ramazzini akawashauri waganga wenzake wamwulize kila mgonjwa maskini neno moja zaidi: Wafanya kazi gani? Sura ya kwanza ya kitabu chake yahusu wachimbaji wa madini. Angalieni vizuri: Ramazzini aliuliza juu ya kazi ili amponye mtu. Hakuuliza ili amchague.

Kuchagua kulikuja baadaye, pamoja na machimbo makubwa. Mwaka wa 1886 dhahabu ilionekana Witwatersrand, mahali ulipo mji wa Johannesburg leo. Dhahabu ile imo ndani ya mwamba mgumu, nayo yahitaji mashine za kutoboa, baruti na watu wengi mno. Chama cha waandikishaji kilichoitwa Wenela kilikwenda kuwatafuta watu Msumbiji, Nyasaland, na nchi nyingine za mbali. Walipofika Johannesburg walipangwa mstari, uchi, watu wazima mbele ya watoto wao wa mtaa mmoja, na mganga akawapitia upesi upesi. Aliyeonekana ana nguvu alipita. Mwenye kasoro alirudishwa. Sisi tuliofundishwa kwamba mwili wa mtu ni hekalu la Roho Mtakatifu hatuwezi kusoma habari hiyo bila uchungu. Hata ng'ombe sokoni huangaliwa kwa muda zaidi.

Na je, uchaguzi ule ulisaidia? Wale waliopita, waliosemwa wazima kabisa, walikufa kwa wingi sana, hasa kwa nimonia. Watu waliotoka katika nchi za joto walikufa kuliko wengine, hata mwaka wa 1913 serikali ya Afrika Kusini ikakataza kuwaandikisha watu wa kaskazini mwa mstari wa 22 wa kusini. Katazo hilo lilidumu mpaka miaka ya 1930.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1913, wakubwa wa machimbo walimwita mganga Mmarekani, William Gorgas. Huyu ndiye aliyeongoza kazi ya afya pale Panama, wakati wa kuchimba mfereji. Gorgas alitazama kambi za Johannesburg, watu wamelala wamebanana katika vyumba vikubwa, akasema maneno ambayo wenye mali hawakuyatazamia. Panama pia nimonia ilikuwa imewaua watu waliosongamana katika nyumba za kompani. Walipotawanyika na kukaa vibandani na wake zao, ugonjwa ulipungua. Basi akashauri wafanyakazi wapewe nafasi zaidi, na wakae na jamaa zao. Kwa maneno mengine, kosa halikuwa katika vifua vya wale watu tu, lilikuwa katika nyumba waliyolazwa. Wenye machimbo walikubali mengi juu ya hospitali na usafi, wakamwajiri mwenzake wa Panama, Dk. Orenstein, aongoze kazi ya uganga. Ila shauri la jamaa waliliacha. Mtu aliendelea kuishi kambini peke yake, na mke akabaki kijijini.

Kulikuwa tena na vumbi. Mwamba ule ukitobolewa hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, nalo huingia mapafuni na kuyafanya magumu polepole. Ugonjwa huo ni silikosi. Mtu huondoka machimboni akitembea vizuri, na baada ya miaka kadhaa hawezi kupanda kilima kidogo. Isitoshe, mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Kwa sheria ya mwaka wa 1916 ilianzishwa ofisi ya waganga kwa ajili ya ugonjwa huo. Mchimbaji mzungu alipimwa huko kabla ya kuanza kazi, akapimwa tena kila baada ya muda, kwa picha ya mapafu. Mchimbaji mweusi, aliyekaa katika vumbi lile lile, alipimwa na mganga wa machimbo kwa mizani na kwa kusikiliza kifua. Aliyekonda alitazamwa zaidi. Akionekana ana kifua kikuu, alirudishwa kwao. Huko alikufa, mara nyingi baada ya kuwaambukiza watu wa nyumba yake, na kifo chake hakikuandikwa katika daftari la machimbo. Ndiyo maana hesabu za kompani zilionekana njema.

Yafaa kusema haki pia. Kuna kipimo kimoja cha Johannesburg kilichookoa watu kweli. Ili kupunguza vumbi, walimwagia maji mwamba. Maji yale yakaongeza unyevu, na katika mashimo marefu sana joto likawa la kuua. Kuanzia mwaka wa 1924 watu walianza kuanguka na kufa kwa joto. Basi katika miaka ya 1930 Dk. Dreosti, katika machimbo ya City Deep, alikuwa akiwaweka wageni katika chumba chenye joto, wafanye kazi ya sepeto, kisha akapima joto la mwili wao. Aliyepanda joto upesi hakupelekwa mahali pa moto sana. Wengine walizoezwa siku kwa siku, kazi ikiongezwa kidogo kidogo. Vifo vya joto vikapungua. Hapo kipimo hakikumtenga mtu tu, kilimpa pia njia ya kuzoea, na kazi iliyolingana na mwili wake.

Katika Katanga yetu mambo yalianza vivyo hivyo. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka wa 1910, na pamoja na reli zikaja desturi za machimbo ya kusini: waandikishaji, kambi, mganga na mizani yake. Miaka ya kwanza vifo vilikuwa vingi. Waganga wawili wa Katanga, Pearson na Mouchet, walitoa mwaka wa 1923 kitabu juu ya usafi wa kambi za wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kompani ikageuza njia: mikataba ya miaka mitatu, mke na watoto wakaribishwe kambini, watoto wapimwe, Wabenedikto wafungue shule. Hatusemi kwamba ilifanya hivyo kwa upendo mtupu. Kuwaleta watu wapya kila mwaka kulikuwa na gharama kubwa. Lakini shauri la Gorgas lililokataliwa Johannesburg lilipata nafasi Katanga.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, alikuwa amewataja wachimbaji kwa jina la kazi yao: kwa kuwa kazi ya chini ya ardhi huumiza zaidi, saa zao ziwe chache zaidi. Hakusema watafutwe watu wenye nguvu zaidi. Alisema kazi ipunguzwe ilingane na mtu.

Sheria za mataifa zilichelewa kufika huko. Mwaka wa 1946 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipatana kwamba vijana wapimwe bila wao wala wazazi wao kulipa kitu, na kwamba kijana akionekana hafai kazi fulani, asitupwe, aongozwe kwenye kazi nyingine na kusaidiwa apate nguvu. Mwaka wa 1965 likaongeza kwamba mwenye umri chini ya miaka 21 asishuke machimboni bila kupimwa kwa ukamili, pamoja na picha ya mapafu, na apimwe tena walau kila mwaka. Mwaka wa 1985 likashauri kwamba mganga amwambie mwajiri tu kama mtu afaa au hafai. Habari za ugonjwa wenyewe ni siri ya mgonjwa. Katika nchi yetu, Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2002 yadai cheti cha mganga kwa kila mfanyakazi.

Na wale wa Johannesburg? Mwaka wa 2019 mahakama ya huko ilikubali mapatano kati ya kompani za dhahabu na wachimbaji wenye silikosi au kifua kikuu waliofanya kazi tangu mwaka wa 1965. Ukaundwa mfuko uitwao Tshiamiso, uwalipe wao au wajane wao, katika Afrika Kusini yenyewe, Lesotho, Msumbiji na kwingine. Ili alipwe, mzee humbidi kwanza apimwe tena na mganga. Safari hii kipimo chatafuta alichopoteza.

Kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi, maelfu ya wachimbaji wa mikono hushuka kila siku kutafuta kobalti na shaba. Wengi wao hawana mkataba, hawana kompani, wala hawajaonwa na mganga yeyote kabla ya kushuka. Hushuka kwa kamba, na tochi kichwani. Anayeamua kama mtu afaa ni yeye mwenyewe, asubuhi, akiangalia kama nyumbani kuna unga.