Betri ya Edison: Tununue Leo au Tungoje Kesho?

Somo la Historia

Fungueni madaftari yenu, kisha tegeni masikio.

Siku hizi mtu anayetaka kununua motokaa ya umeme hujiuliza, "Je, ninunue sasa, au ningoje betri mpya inayosifiwa?" Swali hilo si geni. Liliwakabili wanunuzi wa Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Leo tutaona yaliyowapata.

Kwanza, betri ni nini? Betri ni ghala la umeme. Mkulima huweka mahindi ghalani ili ayale baadaye. Nasi huweka umeme katika betri ili tuutumie baadaye. Mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alitengeneza betri ya risasi na asidi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza iliyoweza kujazwa tena ikiisha nguvu. Ubaya wake ni mmoja: risasi ni nzito mno.

Hata hivyo, betri hiyo iliendesha motokaa. Mwaka 1899, karibu na mji wa Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha motokaa ya umeme kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Hakuna motokaa iliyokuwa imefikia mwendo huo kabla yake. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza motokaa 4,192. Kati ya hizo, 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli.

Mbona watu walipenda za umeme? Hazikuwa na moshi wala kelele, tena hazikuwashwa kwa hendeli. Motokaa ya petroli ya siku zile ilizungushwa hendeli kwa nguvu, na hendeli ikirudi nyuma ghafula iliweza kumvunja mtu mkono. Lakini motokaa ya umeme haikufika mbali. Betri ikiisha, safari imekwisha.

Hapo akatokea Thomas Edison, fundi mashuhuri wa Marekani. Mwaka 1901 alitangaza betri mpya ya nikeli na chuma. Alisema itakuwa nyepesi kuliko ya risasi, na itadumu zaidi. Magazeti yakamsifu. Betri za kwanza zilipouzwa, shida zikaonekana: mikebe ilivuja, na nguvu zilipungua upesi. Edison hakuona haya. Alisimamisha kazi ya kuzitengeneza, akarudi kwenye majaribio. Betri iliyo bora ilikuwa tayari mwaka 1909.

Je, Edison alisema uongo? La. Betri ile ya pili ilikuwa imara kweli, na nyingine zilidumu miaka mingi sana. Tangu mwaka 1911 mnunuzi wa motokaa iliyoitwa Detroit Electric aliweza kuichagua. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, na wakati wa baridi kali ililegea.

Tena dunia haikumngoja Edison. Mwaka 1908 Henry Ford alitoa motokaa yake ya petroli, Model T, kwa dola 850. Kufika katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza motokaa inayowashwa kwa umeme, kazi ya fundi Charles Kettering. Hendeli ikawa si lazima tena. Oneni ajabu hiyo: betri ndogo ya risasi ndiyo iliyoisaidia motokaa ya petroli kuishinda ya umeme! Zaidi ya hayo, mashamba mengi ya Marekani hayakuwa bado na umeme. Basi motokaa za umeme zikapungua hata zikakaribia kutoweka.

Sasa tuje karibu. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu, zilizo nyepesi na zenye nguvu nyingi. Mojawapo ya uvumbuzi uliozaa betri hizo ulikuwa wa mwaka 1980. Kwa hiyo kutoka meza ya mtaalamu hadi dukani ilipita miaka 11, na kufikia motokaa ikapita mingi zaidi.

Betri za lithiamu nazo ni za namna mbalimbali. Ziko zenye nikeli na kobalti; nyingi ya kobalti hiyo huchimbwa Kongo, katika eneo la Kolwezi, ambako Kiswahili husemwa. Hizo huipeleka motokaa mbali. Ziko nyingine za chuma na fosfati, zisizo na kobalti. Hizo ni nzito kidogo, lakini ni rahisi kwa bei na huvumilia kujazwa mara nyingi. Na ziko zinazotangazwa kuwa zinakuja.

Basi tufanyeje? Wahenga walisema, "Subira yavuta heri." Lakini walisema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwenye busara huipima betri iliyopo, si iliyoahidiwa. Auliza: Safari zangu za kila siku ni za kilometa ngapi? Nitaijaza wapi? Itavumilia joto la kwetu, maana joto kali huchakaza betri? Dhamana yake ni ya miaka mingapi? Majibu yakimtosha, anunue. Yasipomtosha, angoje bila majuto. Lakini asingoje kwa sababu ya sifa tu.

Maswali ya kujibu darasani

1. Betri ya Planté ilikuwa na ubaya gani?
2. Kwa nini Edison alisimamisha betri zake za kwanza?
3. Taja mambo mawili yaliyoisaidia motokaa ya petroli kushinda.
4. Wewe ungenunua au ungengoja? Toa sababu zako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.