Kipande, kitambulisho na majirani zetu wa Kibra

Kijana wa Mutuini, huku kwetu Dagoretti, akitimiza miaka 18 hahangaiki sana kutafuta kitambulisho. Anabeba cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake, anapita kwa chifu, anapigwa alama za vidole, kisha anasubiri. Ukishika Barabara ya Ngong kuelekea mjini, mwendo mfupi tu wa matatu, unafika karibu na Kibra. Kijana Mnubi wa umri uo huo, aliyezaliwa Nairobi iyo hiyo, kwa miaka mingi aliambiwa arudi siku ya kamati. Siku hiyo alisimama mbele ya wazee na maafisa akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, alete karatasi za bibi yake, alete hati ya kiapo yenye muhuri. Huko ndiko kupigwa msasa, na ni jina lake lililomfikisha hapo.

Sisi wa Dagoretti tungepaswa kuwa wa kwanza kuuona uonevu huu, maana karatasi ya utambulisho ilianza kwa kututesa sisi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kufikia 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alilazimika kubeba kipande. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, nacho kikatiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine, na ukitoroka unasakwa kama mhalifu.

Juni 1921, machifu wa Kikuyu, wamishenari na maafisa wa serikali walikutana papa hapa Dagoretti kusikiza malalamiko ya watu: ardhi, kodi, kipande, na mishahara ambayo walowezi walikuwa wameazimia kuipunguza kwa thuluthi. Harry Thuku, karani wa simu serikalini, alihudhuria. Kilichofuata wiki chache baadaye hakisimuliwi sana, nami nakiona kuwa kikubwa. Wakati ule walowezi walikuwa wakihubiri kwamba Mhindi ndiye adui wa maendeleo ya Mwafrika. Mkutano wa hadhara ulioitwa na kina Thuku Nairobi, tarehe 10 Julai, ulikataa kuimeza chuki hiyo. Ulitamka wazi kwamba kuwepo kwa Wahindi hakuwadhuru Waafrika. Naye Manilal Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, alimfungulia Thuku milango ya ofisi na mtambo wake wa kuchapisha. Kila upande ulikuwa na kesi yake mbele ya serikali ya kikoloni, na kila upande ungeweza kujipendekeza kwa kumsukumia mwenzake lawama. Hakuna upande uliofanya hivyo.

Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi kuliko hao. Kipande kilidumu hadi 1947, sheria mpya ilipoagiza watu wa rangi zote wasajiliwe, na hapo ndipo walowezi walipogundua kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa.

Wazee wetu walikuja kupigwa msasa wa aina nyingine Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau jijini Nairobi. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliswagwa hadi kambi ya Langata. Walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye kwa kutikisa kichwa tu aliamua nani arudi nyumbani na nani apelekwe kizuizini. Kuwa wa kabila fulani kulitosha kukufanya mshukiwa mpaka mtu mwingine akusafishe.

Wanubi waliijua hali hiyo kwa njia yao. Ni wazao wa askari wenye asili ya Sudan walioletwa na Waingereza, wakatumikia katika King's African Rifles (KAR) na kupigana Vita Vikuu vya Kwanza. Kuanzia 1904 waliruhusiwa kujenga Kibra, na mwishoni mwa vita hivyo eneo lao lilipimwa kuwa ekari 4,197. Hawakupewa hati. Mkoloni aliwahesabu kuwa wapangaji wa Taji. Baada ya Uhuru, Serikali ya Kenya iliwaona kuwa maskwota kwenye ardhi ya umma. Katiba ya 1963 ilimpa uraia aliyezaliwa Kenya na mzazi aliyezaliwa Kenya, lakini kwenye dirisha la usajili kamati ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Si Wanubi pekee. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichunguzwa kwa mkupuo na kupewa kadi za waridi, wabebe zote mbili, kitambulisho na kadi.

Wanubi walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003. Kesi ilipokwama wakaipeleka kwa vyombo vya Afrika. Machi 2011 kamati ya wataalamu wa haki za mtoto ya Umoja wa Afrika iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia hadi wafikishe miaka 18. Juni 2017 jamii ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Linganisha na zile 4,197.

Ndani ya muda huo wengine pia walipata sauti. Oktoba 2016 Wamakonde, ambao wazazi wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kutoka Kwale hadi Ikulu wakisindikizwa na watetezi wa haki. Na Washona, majirani zetu wengine wa upande wa Kinoo, walioingia nchini miaka ya sitini kama wahubiri, waliishi bila uraia hadi Sikukuu ya Jamhuri ya 2020, ilipotangazwa kwamba 1,670 kati yao watatambuliwa.

Serikali ilipoleta Huduma Namba, mfumo wa kidijitali wa kusajili watu, mwaka 2019, shirika la Nubian Rights Forum lilikimbilia korti, likaunganishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na shirika la kutetea haki za binadamu la KHRC. Wawili hao hawakuwa wakitetea vitambulisho vyao wenyewe. Januari 30, 2020, majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir walipiga marufuku kukusanywa kwa DNA. Walikubali pia kwamba wapo Wakenya wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa stakabadhi, wakaitaka serikali iweke kanuni madhubuti kwanza.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huu wa ziada. Papo hapo wakazuka waliosema usalama wa nchi umeuzwa. Hoja hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote. Mmoja wa magaidi waliovamia hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi Januari 2019 alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi, na hakuna kamati ya kuwahoji Wanubi ambayo ingemnasa. Anayetaka usalama aboreshe upelelezi na rejista za vizazi, na aache kumhoji kitukuu wa askari wa KAR kana kwamba ameshuka jana kutoka kwenye lori mpakani.