Soko la Misri: Viungo Vilivyolea Msikiti wa Istanbul

Mwaka 1597, Safiye Sultan, mama wa Sultani Mehmed III wa dola ya Waosmani, aliamuru msikiti mkubwa ujengwe Eminönü, kando ya bandari ya Istanbul. Mehmed alipofariki mwaka 1603, mama yake akapoteza mamlaka na ujenzi ukasimama. Kuta zilizoishia njiani zilikaa zaidi ya nusu karne bila kukamilishwa.

Mradi ulifufuka baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya jiji mwaka 1660. Safari hii aliyeushika alikuwa Turhan Sultan, mama wa Mehmed IV. Ufufuo huo ulikuwa na machungu yake: Wayahudi wengi waliokuwa wakiishi Eminönü, ambao nyumba zao ziliungua, walizuiwa kurudi, na ardhi yao ikaingia katika mradi. Anayeisimulia historia ya mahali hapa hana budi kuwataja.

Turhan alifahamu kwamba kujenga msikiti ni jambo moja, kuutunza ni jingine. Imamu ana njaa kama watu wengine, taa zataka mafuta, na walimu wa watoto wanahitaji mishahara. Kwa hiyo pembeni ya msikiti likajengwa soko la mawe lenye umbo la herufi L, likakamilika mwaka 1664 na kuwekwa wakfu. Kodi ya maduka yake ilikwenda kuutunza msikiti pamoja na shule na sabili ya maji vilivyoambatana nao. Kwa kuwa mapato ya Misri, jimbo la Waosmani tangu mwaka 1517, yalihusishwa na ujenzi huo, watu wakaliita Mısır Çarşısı, yaani Soko la Misri.

Misri ilileta zaidi ya fedha. Viungo vya India na nchi za mbali zaidi vilipita huko, pamoja na kahawa ya Yemen, kisha merikebu zikavishusha Eminönü. Wapangaji wa mwanzo wa soko walikuwa wauza pamba na wauza viungo. Hawa wa pili walikuwa pia waganga wa dawa za miti: mteja alieleza maradhi yake, naye muuzaji akampimia mizizi, mbegu na majani ya kuchemsha.

Soko liliungua mwaka 1691, likaungua tena mwaka 1940, na kila mara likakarabatiwa. Leo marundo ya pilipili nyekundu, mdalasini, iliki, bizari na zafarani yamejaa mbele ya maduka. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atavitambua vingi kwa harufu kabla hajauliza jina. Aonje pia pastırma, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kupakwa unga wa uwatu, vitunguu saumu na pilipili. Kuna lokum pia, tamutamu laini ya sukari na wanga, yenye njugu au maji ya waridi. Duka la Hacı Bekir, ambalo jina lake halitengani na lokum, lilianzishwa jirani mwaka 1777. Nje ya lango la magharibi, watu hupanga foleni kwenye duka la Kurukahveci Mehmet Efendi, linalokaanga na kusaga kahawa tangu mwaka 1871.

Juu ya lango kuu upo mgahawa wa Pandeli, wenye kuta za vigae vya buluu. Mwanzilishi wake alikuwa Mgiriki wa Uturuki. Ghasia dhidi ya Wagiriki zilipozuka Septemba 1955, mgahawa wake wa awali uliharibiwa, ndipo akahamia hapa. Wasio na haja ya meza za kifahari huteremka hadi ufukoni, karibu na daraja la Galata, wakala samaki wa kuchoma ndani ya mkate, wenye vitunguu na ndimu.

Ukifika, usiishie kwenye maduka ya ndani yanayong'aa. Pita katika mtaa wa Hasırcılar, wanakonunua wenyeji wengi, ulinganishe bei, uonje kabla ya kulipa. Zafarani inayouzwa kwa bei ya kutupa uitilie shaka, maana zafarani halisi haijawahi kuwa rahisi. Kisha ingia katika ua wa msikiti uliofunguliwa mwaka 1665, utazame kuba zake. Aliyenunua iliki hapa karne tatu zilizopita alichangia kuutunza, hata kama hakujua.