Shilingi kwa Shilingi: Habari za Wagawaji wa Mali ya Kheri

Mali ya kheri haijigawi yenyewe. Baina ya mkono unaotoa na mkono unaopokea pana mtu wa tatu, naye ndiye asomaye barua za waombaji, aendaye kuutazama msikiti usio na paa, na aandikaye katika daftari nani apewe na nani angoje. Watu humsifu mtoaji na humwonea huruma mpokeaji. Ama huyu wa katikati hakumbukwi ila siku ya lawama. Mashirika ya siku hizi humwita ofisa wa misaada, lakini kazi yenyewe ni kongwe.

Dini haikumsahau. Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, yametajwa mafungu manane ya wanaostahiki Zaka, na baada ya mafakiri na masikini wanatajwa wale wanaoitumikia. Tena katika hadithi sahihi imepokewa khabari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya sadaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili: moja akasema ni la Waislamu, na la pili akasema ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume akapanda juu ya mimbari akamkemea, akauliza kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Na Sayyidna Umar alipopata shamba la Khaybar, alielekezwa alizuie shamba lenyewe na atoe sadaka mazao yake. Naye akaweka sharti kwamba msimamizi wake anaweza kula katika mazao hayo kwa wema, pasipo kujilimbikizia. Basi kanuni ni mbili: mgawaji ana haki ya ujira wake, na hana haki ya kitu kingine chochote. Ndiyo mizani ya kupimia habari za Waislamu wa Uganda.

Katika Mapatano ya Uganda ya mwaka 1900, Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Muteesa wa Kwanza na kiongozi wa Waislamu wa Buganda, alipewa maili za mraba 24 za ardhi, kwa ajili yake na wafuasi wake. Ardhi hiyo ilikuwa kidogo mno ikilinganishwa na ya wakuu wa dini nyingine, lakini ilikuwa msingi. Lililokosekana ni shule. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes Fund, shirika la kheri la New York, ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama elimu, na mwaka uliofuata Serikali ya Uganda ikawa na Idara yake ya Elimu. Fedha za ruzuku zikamiminika zaidi katika shule za misheni, kwa kuwa shule hizo zilikuwa na majengo, walimu waliofunzwa, na madaftari ambayo mkaguzi aliweza kuyafungua. Waislamu walikuwa na vyuo vya Qurani, navyo havikuingia katika hesabu hiyo. Wazazi wengi wakachelea kuwapeleka watoto wao misheni, wasije wakarudi na dini nyingine. Kwa hiyo vijana wa Kiislamu wakawa wachache katika ofisi na wengi katika uchinjaji, udereva na uchuuzi. Kazi hizo ni za halali, lakini haifai umma mzima uwe nazo pasipo hiari yake. Hapa pana somo la kwanza: fedha ya msaada hufuata daftari kabla haijafuata haja. Mwenye haja kubwa asiye na daftari hupitwa.

Hata ulipofika mwaka 1945, Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, alianzisha mjini Mombasa jumuiya iliyojulikana kwa jina la Kiingereza East African Muslim Welfare Society. Kazi yake ilikuwa kujenga misikiti na shule na kuinua hali ya Waislamu, khasa Waafrika, katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Aga Khan alikuwa Imamu wa Ismailia, na waliosaidiwa walikuwa wengi wao ni Sunni. Wala hawakutakiwa kuyaacha madhehebu yao. Sharti lilikuwa jingine: kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wenyewe, Aga Khan ataongeza shilingi ya pili.

Sharti hilo laonekana dogo, lakini ndani yake mna hekima kubwa. Mji ulioletewa msikiti mzima huuita msikiti wa fulani. Mji uliochanga nusu huuita msikiti wetu, na paa likivuja hausubiri barua kutoka mbali. Tena kuchanga kulilazimisha watu kuwa na kamati, mweka hazina na stakabadhi. Lile daftari ambalo Waislamu walilikosa katika mwaka 1925 likaanza kuandikwa, kwa sababu bila ya hilo shilingi ya pili haikuweza kuombwa.

Ama Kampala, ushahidi uko juu ya kilima cha Kibuli. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Mbogo, ambaye Waganda humwita Omulangira, alitoa ardhi yake. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa na Prince Aly Khan mwaka 1941, yaani kabla Jumuiya haijazaliwa, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Mwaka 1959 ikaanza hapo shule ya sekondari. Huko Mombasa nako fedha za Aga Khan, za Sultani wa Zanzibar, za Mabohora na za Serikali ya Uingereza zilikusanywa pamoja kujenga Chuo cha Ufundi cha Waislamu, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, na kijana wa Kampala aliweza kupanda gari la moshi kwenda kujifunza ufundi huko. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na wanafunzi wake ni wa dini zote.

Pamoja na hayo, kanuni ya shilingi kwa shilingi ina hatari yake, na yafaa isemwe. Mji wenye wafanya biashara kumi huchanga upesi na hupata mara mbili. Kijiji cha wakulima ambao pamba yao imekauka hakichangi kitu, na nusu ya sifuri ni sifuri. Mgawaji akiishika kanuni kwa macho yaliyofumbwa, atampa aliyenacho na kumpita asiyenacho, kisha ataandika katika taarifa yake kwamba ametenda haki. Kwa hiyo mgawaji mwenye busara huinuka kitini. Huenda kijijini akahesabu matofali yaliyochomwa na vijana, siku za kazi zilizotolewa na akina mama waliobeba maji, na kiwanja alichotoa mzee mmoja. Vyote hivyo huvigeuza kuwa shilingi katika daftari. Masikini naye hutoa, ila hutoa kwa namna ambayo karani aliyekaa mjini haioni.

Na hapo kijijini huuliza swali ambalo wengi hulichukia: hati ya kiwanja iko wapi? Mzee akitoa ardhi kwa ulimi mbele ya watu, watu hupiga takbiri na kuondoka. Akifa, warithi huja na vipimo vyao, na msikiti hujikuta ndani ya shamba la mtu. Mgawaji anayekataa kutoa mabati mpaka wakfu uandikwe na usajiliwe huitwa mgumu wa moyo. Lakini yeye ndiye anayemhifadhia marehemu thawabu yake.

Jumuiya ile ya mwaka 1945 haikudumu. Aga Khan wa Tatu alifariki mwaka 1957, na mwaka 1961 makao makuu yakahamishwa kutoka Mombasa kwenda Dar es Salaam. Nchi zikapata uhuru, na kila serikali ikatazama kwa jicho kali chama chenye wafuasi wengi na fedha kutoka nje. Viongozi wa Waislamu nao wakagombana wao kwa wao, na mwezi wa Desemba 1968 Serikali ya Tanzania ikaipiga marufuku Jumuiya. Mahali pake pakasimama BAKWATA. Katika Uganda, tangu mwaka 1965 Waislamu walikuwa wamegawanyika baina ya NAAM, chama kilichokuwa karibu na serikali ya Milton Obote, na wale waliomfuata Kakungulu. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda halikuundwa mpaka mwaka 1972.

Ofisi ilifungwa, na ile shilingi ya pili haikuja tena. Lakini msikiti wa Kibuli haukufungwa, wala shule yake. Ardhi ilitolewa na mtu wa hapo hapo, na wenyeji wana mkono wao ndani yake. Hapa pana somo la pili: chama cha kugawa kinaweza kufa kwa siku moja, lakini alichokishika mwenyeji kwa mikono yake miwili hubaki.

Somo hilo halikupotea. Mwaka 1986, kwa ombi la wazee wa Kiislamu wa pwani, Aga Khan Foundation ilianza mjini Mombasa kusaidia shule za watoto wadogo zilizoungana na madrasa, na Bi Swafiya Said akawa mwalimu wa mwanzo wa kazi hiyo. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na kituo cha kufundishia walimu kikawekwa Kampala. Wenyeji hutakiwa kutoa mahali, kuchagua kamati na kuwatoa binti zao wakasomee ualimu. Baadaye shule zilizotimiza masharti zilitengewa mfuko mdogo, ambao shina lake huwekwa na faida yake hutumika. Anayeijua khabari ya shamba la Khaybar ataona kwamba jambo hili si geni.

Basi kijana wa Kampala anayeajiriwa leo katika shirika la kugawa misaada asidhani kwamba amepata kazi ya kupokea salamu nyingi. Ataletewa kuku, ataitwa mheshimiwa, ataombwa na shemeji zake. Naye na ajiulize swali lile la mimbari, kama kuku huyo angefika lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Na kamati za misikiti nazo zisingoje aje ndipo zitafute karatasi. Hati iandikwe wakati mtoaji yu hai, daftari lisomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, na mchango wa mjane uandikwe kama ule wa tajiri, hata ukiwa ni debe moja la mchanga.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotoa na waliogawa kwa uaminifu, na awape waliobaki moyo wa kulinda amana. Amin.